Kompyuta inakubali nywila kisha inanirudisha kwenye skrini ya kuingilia

mwalimu_wa_langoni (Lamu) aliuliza:

Assalam alaikum ndugu zangu.

Ninasimamia chumba kidogo cha kompyuta mtaani Langoni, hapa Lamu mjini, ambamo wanafunzi huja jioni baada ya masomo. Tuna kompyuta saba za mezani ambazo zilikwisha kutumika kwingine kabla ya kutufikia, na zote nimezisakinishia Linux ya Debian 12 yenye eneokazi la Xfce, kwa sababu ni jepesi na halizilemei mashine zenye RAM ya GB 4. Kila mashine ina akaunti mbili: yangu ya usimamizi, na moja ya pamoja iitwayo mwanafunzi.

Nina matatizo mawili ambayo sijui kama yana uhusiano. La kwanza liko kwenye mashine namba tatu. Juzi umeme ulikatika mara mbili usiku mmoja, na uliporudi, mashine iliwaka vizuri mpaka ikafika skrini ya kuingilia. Nikichagua akaunti ya mwanafunzi na kuandika nywila, skrini huwa nyeusi kwa sekunde mbili hivi, kisha ninarudishwa pale pale bila ya ujumbe wowote. Nikiikosea nywila makusudi huambiwa kwamba si sahihi, kwa hiyo nafahamu kwamba nywila yenyewe inatambuliwa. Hata hivyo niliibadilisha kwa amri ya sudo passwd mwanafunzi, na hali haikubadilika. Akaunti yangu ya usimamizi nayo hurudishwa vivyo hivyo. Kwenye terminali ya Ctrl+Alt+F3 akaunti zote mbili zinaingia bila shida.

Nilisoma mahali kwamba niliwashe eneokazi kwa mkono, nami nikaiongeza akaunti ya mwanafunzi katika kundi la sudo (lenye haki za usimamizi), nikaingia kwayo kwenye terminali na kuandika sudo -E startx. Eneokazi la root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, likafunguka vizuri kabisa, jambo lililonichanganya zaidi.

Tatizo la pili liko kwenye mashine namba tano. Hii inaingia vizuri, lakini skrini ikijifunga baada ya dakika kumi, nywila ile ile iliyoniingiza asubuhi hukataliwa, na inanilazimu kuizima mashine huku kazi ya mtoto haijahifadhiwa. Kwenye mashine hii nilisakinisha xfce4-screensaver mahali pa light-locker, zote mbili zikiwa ni programu za kufunga skrini.

Sitaki kufuta kila kitu na kuanza upya, kwa kuwa mashine namba tatu ina kazi za mradi za watahiniwa wa KCSE wa somo la kompyuta, na kumpelekea fundi maana yake ni kuipakia juu ya punda mpaka gatini, kuivusha kwa mashua hadi Mokowe, kisha basi. Nitashukuru kwa msaada wenu.

---

fundi_wa_maweni (Malindi) alijibu:

Waalaikumu salaam, Mwalimu. Umeeleza vizuri, na maelezo yako yenyewe yamekwisha kutenga matatizo haya mawili, kwani kila moja liko upande wake wa mlango.

Unapoandika nywila kwenye skrini ya kuingilia, yanafanyika mambo mawili yanayofuatana upesi hata yakaonekana kuwa ni jambo moja. Kwanza ni uthibitishaji, yaani mfumo kuridhika kwamba wewe ndiwe unayedai kuwa. Pili ni kufunguliwa kikao: kutengenezewa saraka yako ya muda chini ya /run/user, kuandikiwa faili za ruhusa za kutumia skrini, na kuanzishiwa Xfce yenyewe. Katika kazi zote mbili hutumika PAM, mpango uliobuniwa na wahandisi wa Sun Microsystems mwaka 1995 ili kila programu isilazimike kuwa na njia yake ya kukagua nywila. Ndani ya /etc/pam.d utaona mistari inayoanza kwa auth, account, password na session, na mgawanyo huo ndio wa kukumbuka. Nywila ikikataliwa, tazama upande wa auth. Nywila ikikubaliwa kisha ukarudishwa, uache upande huo kabisa, kwa sababu umekwisha kufanya kazi yake. Hitilafu iko kwenye kikao.

Mashine namba tatu ni ya aina hiyo ya pili, na ndiyo sababu kubadilisha nywila hakukusaidia. Ingia kwa Ctrl+Alt+F3 kwa akaunti yako ya usimamizi, kisha uniletee majibu ya amri hizi:

journalctl -b -u lightdm
df -h
df -i
ls -la /home/mwanafunzi

Katika majibu ya amri ya kwanza, tafuta mstari unaosema "session opened for user mwanafunzi", halafu uangalie ni baada ya muda gani unaufuata ule wa "session closed". Ukiwa ni sekunde moja au mbili, basi kikao kilifunguliwa na kufa papo hapo, na sababu ya kifo chake aghalabu huwa ni diski iliyojaa au faili iliyoshikwa na mwenyewe asiyestahiki.

Ninaishuku diski, kwa jambo dogo ulilolitaja bila kulitilia maanani. Kwenye mfumo wa faili wa ext4, asilimia 5 ya nafasi huwekwa kando kwa ajili ya root tangu diski inapotayarishwa. Diski inapojaa, watumiaji wa kawaida hawawezi kuandika hata herufi moja, lakini root huendelea kuandika ndani ya akiba yake. Kuingia kwa terminali hakuhitaji kuandika faili yoyote nyumbani kwa mtumiaji, lakini kuanzisha eneokazi kunahitaji. Hali hiyo ingeeleza kwa pamoja kwa nini terminali inakubali, kwa nini akaunti zako zote mbili zinarudishwa, na kwa nini eneokazi la root lilifunguka.

Kwa namba tano nitarejea nikipata nafasi. Kwa sasa niletee majibu ya ls -l /usr/sbin/unix_chkpwd, na unikumbushe kama kuna amri yoyote ya kubadilisha ruhusa uliyoitoa kwenye mashine hiyo siku za karibuni.

---

mgeni_wa_bahari alijibu:

Mwalimu, kwa mashine inayokataa kufunguka ipo njia fupi. Fungua faili ya /etc/pam.d/common-auth, uandike mwanzoni mwake:

auth sufficient pam_permit.so

Hapo nywila yoyote itakubaliwa, na watoto hawatasumbuka tena. Kompyuta za wanafunzi hazina siri kubwa ya kulindwa.

---

mkomani_kaskazini (Lamu) alijibu:

Ndugu yangu mgeni, najua umelitoa shauri hili kwa nia ya kumpunguzia Mwalimu taabu, lakini ninamwomba asilifuate, na ninaeleza sababu kwa urefu kwa kuwa huenda wengine wakalisoma hapa baadaye na kulijaribu.

Faili ya common-auth si ya skrini peke yake. Kwenye Debian inaitwa na karibu kila mlango wa mfumo: LightDM (programu ya skrini ya kuingilia), terminali, sudo, su (amri ya kugeuka mtumiaji mwingine), na hata SSH (njia ya kuingia kutoka kompyuta nyingine) ikiwa imewashwa na inakubali nywila. Moduli ya pam_permit hujibu "ndiyo" kwa kila anayeulizwa habari zake, na neno sufficient lina maana kwamba jibu hilo likishapatikana hakuna haja ya kuwauliza wengine. Kwa hiyo mtoto yeyote akiandika su tu, bila hata kuulizwa nywila, amekwisha kuwa root. Tena Mwalimu ametwambia kwamba aliiingiza akaunti ya mwanafunzi katika kundi la sudo. Mwalimu, hilo nalo liondoe leo hii, vyovyote yatakavyokuwa mengine:

sudo deluser mwanafunzi sudo

Kuhusu kuhariri mafaili haya kwa mkono, lipo jambo jingine ambalo limewafungia wengi nje ya mashine zao. Tazama mistari ya kawaida ya common-auth kwenye Debian:

auth [success=1 default=ignore] pam_unix.so nullok
auth requisite pam_deny.so
auth required pam_permit.so

Ile success=1 si alama ya "ndiyo". Ni hesabu ya mistari ya kurukwa. Nywila ikiwa sahihi, mfumo huruka mstari mmoja, yaani ule wa pam_deny, na kutua kwenye pam_permit. Nywila ikiwa si sahihi hakuna kuruka, na mtu hukutana na pam_deny hapo hapo. Sasa fikiria mtu aongeze moduli nyingine kati ya mstari wa kwanza na wa pili bila kuibadilisha hesabu. Mwenye nywila sahihi ataruka mstari mmoja, aiache ile moduli mpya, na kutua juu ya pam_deny, naye atakataliwa pamoja na usahihi wake wote. Mtu hutafuta kosa kwenye nywila siku nzima, na kosa ni tarakimu moja tu. Kwa sababu hiyo Debian ina amri ya pam-auth-update, inayoyapanga mafaili haya na kuhesabu yenyewe. Ikiwa mtu alikwisha kuyagusa kwa mkono na anataka kuyarudisha katika mpangilio wa kawaida, sudo pam-auth-update --force itamsaidia. Na yeyote anayelazimika kuyagusa, kwanza aingie kama root kwenye terminali nyingine, aiache wazi, na asitoke humo mpaka awe amehakikisha kwamba anaweza kuingia upya kwingineko.

Kwa maelezo ya fundi naongeza mfano mmoja tu wa kwetu. Mgeni akipiga hodi, sauti yake ikatambulikana na mlango ukafunguliwa, hilo ni moja. Kupitishwa tekani mpaka ndani, akakuta jamvi limetandikwa, ni la pili. Kwenye namba tatu mlango umefunguliwa na ndani hakuna pa kuketi, na kuung'oa mlango hakutaleta jamvi.

---

mwalimu_wa_langoni alijibu:

Nawashukuru nyote. Akaunti ya mwanafunzi nimeitoa katika kundi la sudo, na common-auth sikuigusa.

Fundi, ulikisia sawasawa. Kwenye mashine namba tatu df -h inaonyesha kwamba diski yote, ambayo ni ya GB 120, imejaa asilimia 100, na df -i, inayohesabu faili, haina tatizo. Katika majibu ya journalctl, "session opened" na "session closed" ziko ndani ya sekunde moja. Nilipotafuta kilichoijaza kwa

sudo du -xh --max-depth=4 /home | sort -h

nikakuta sehemu kubwa iko katika /home/mwanafunzi/.local/share/Trash. Watoto walikuwa wakinakili filamu kutoka kwenye flashi zao, na nikiwakataza huzifuta, lakini kumbe kuzifuta kwenye Xfce ni kuzipeleka kwenye debe la taka tu, na debe halikumwagwa tangu mwaka jana. Nimelimwaga, na sasa diski ina nafasi ya GB 61.

Baada ya hapo akaunti yangu ya usimamizi imeingia vizuri kwenye eneokazi. Lakini akaunti ya mwanafunzi bado inarudishwa kama mwanzo, na hapo ndipo nilipokwama tena.

Kwenye mashine namba tano, majibu ya amri uliyonipa ni haya:

-rwxr-xr-x 1 root shadow ... /usr/sbin/unix_chkpwd

Na ndiyo, nimekumbuka. Wiki mbili zilizopita programu ya kuchapishia ilikataa kufunguka, nami nikadhani ni suala la ruhusa, nikaandika sudo chmod -R 755 /usr/sbin. Programu haikufunguka, na sikulifikiria tena jambo hilo mpaka ulipouliza.

---

fundi_wa_maweni alijibu:

Ahsante, Mwalimu, majibu haya yametosha kwa mashine zote mbili.

Nianze na namba tatu. Umeme kukatika hakukuharibu kitu. Diski ilikuwa imejaa kabla yake, lakini kikao kilichokuwa wazi kiliendelea kwa sababu faili zake za mwanzo zilikwisha kuandikwa. Mashine ilipozimika na kuwaka tena, ndipo kikao kipya kilipotaka kuandika na kukosa nafasi. Kumwaga taka kumeondoa sababu hiyo, ndiyo maana akaunti yako imeingia. Kwa mwanafunzi imebaki sababu ya pili, iliyozaliwa na ile sudo -E startx. Herufi E humwamuru sudo ayachukue mazingira ya mtumiaji yalivyo, ikiwa ni pamoja na mahali pa nyumba yake. Basi root alianzisha skrini akiwa nyumbani kwa mwanafunzi, akaandika humo faili ya .Xauthority kwa jina lake mwenyewe. Faili hiyo ndiyo hubeba ufunguo unaomruhusu mtu kuitumia skrini, na LightDM hujaribu kuiandika upya kwa jina la mtumiaji kila anapoingia. Sasa ni mali ya root, mwanafunzi hawezi kuiandika, na kikao kinakufa. Katika majibu ya ls -la utaona maneno root root kwenye mstari wake, na huenda pia kwenye .ICEauthority na baadhi ya vilivyomo ndani ya .cache na .config. Andika:

sudo chown -R mwanafunzi:mwanafunzi /home/mwanafunzi
sudo rm /home/mwanafunzi/.Xauthority

Faili uliyoifuta itaundwa upya yenyewe. Mtu asikushauri kutumia chmod 777 mahali hapa. Mwenye faili ndiye aliyekosewa, na ruhusa zenyewe hazikuwa na ubaya.

Namba tano inanivutia zaidi, kwa kuwa ni kosa ambalo huonekana kama miujiza mpaka mtu aelewe ni nani hasa anayeikagua nywila. Nywila zilizofumbwa zimo katika /etc/shadow, faili isiyosomwa na mtu isipokuwa root na kundi liitwalo shadow. Unapoingia asubuhi, anayekagua ni LightDM, naye anaendeshwa kama root, kwa hiyo anaisoma faili hiyo moja kwa moja. Skrini inapojifunga kwa xfce4-screensaver, anayekagua ni programu inayoendeshwa na mwanafunzi mwenyewe, ambaye hana haki ya kuisoma. Hapo pam_unix huomba msaada wa kijiprogramu kidogo, unix_chkpwd, kilichopewa biti ya setgid, yaani kila anayekiendesha huazimwa haki za kundi la shadow kwa muda wa kazi hiyo moja tu. Amri yako ya chmod 755 iliifuta biti hiyo. Kijiprogramu kipo, kinaendeshwa, lakini hakina tena haki ya kuisoma faili, na jibu lake kwa kila nywila ni kwamba imekosewa. Ukitazama journalctl utaona mistari ya pam_unix(xfce4-screensaver:auth) yenye "authentication failure" na uid (namba ya mtumiaji) ya mwanafunzi badala ya 0 ya root, na namba hiyo ya uid ndiyo inayomfichua mkaguzi.

Ungekuwa umeiacha light-locker, usingeliona tatizo hili kabisa, kwa sababu yenyewe hukurudisha kwenye skrini ya LightDM, na root ndiye anayekagua. Lakini sikushauri urudi kwake kwa ajili ya kukwepa. Ni bora kulirekebisha lililoharibika:

sudo apt install --reinstall libpam-modules-bin

Ukitazama tena kwa ls -l, lazima uone -rwxr-sr-x, yenye herufi s mahali palipokuwa na x ya kundi. Ukiwa huna intaneti wakati huo, sudo chmod 2755 /usr/sbin/unix_chkpwd itafanya kazi ile ile, kwa kuwa kundi la shadow halikuguswa. Kwa kuwa ulibadilisha saraka nzima, zipo programu nyingine humo zilizopoteza biti kama hiyo, mfano pppd na exim4 ikiwa zimesakinishwa. Nazo uzisakinishe upya. Usitegemee dpkg --verify kukuonyesha zipi, kwani hulinganisha yaliyomo ndani ya faili na haiangalii ruhusa zake.

---

tezo_na_omo (Malindi) alijibu:

Naongeza jambo kwa wanaotumia Fedora na jamaa zake, kwa kuwa mimi lilinipata na halifanani na haya. Huko moduli ya pam_faillock inaweza kuwashwa pia, nayo kwa kawaida yake huifungia akaunti kwa sekunde 600 mtu akikosea nywila mara tatu, na katika muda huo hata nywila sahihi hukataliwa. Mahali penye watoto wengi na akaunti moja ya pamoja, hutokea mara nyingi. Mwenye haki za root anaweza kuandika faillock --user mwanafunzi ili kuona makosa yaliyohesabiwa, na kuongeza --reset kuyafuta. Kwenye Debian haiwashwi mpaka mtu aiwashe mwenyewe, kwa hiyo Mwalimu halimhusu, isipokuwa siku moja aamue kubadilisha mfumo.

---

mwalimu_wa_langoni alijibu:

Nimefanya yote usiku huu baada ya Isha, na nimetulia. Kwenye namba tatu .Xauthority ilikuwa ya root kama alivyosema fundi, na faili nne nyingine ndani ya .cache pia. Mwanafunzi ameingia kwa mara ya kwanza tangu juzi, na kazi za mradi zote zimo. Kwenye namba tano herufi s imerudi, skrini nimeifunga na kuifungua mara sita mfululizo, na kila mara imekubali. Exim4 ilikuwapo, nimeisakinisha upya, pppd haikuwapo.

Limebaki dogo moja. Kwenye namba tatu, mwanafunzi akishaingia hutokea kidirisha kinachodai nywila ya kufungulia hifadhi ya funguo, na kinaikataa nywila ninayoingilia. Je, hili nalo linatokana na ruhusa?

---

mkomani_kaskazini alijibu:

La, Mwalimu, hili limetokana na sudo passwd uliyoitoa mwanzoni. Hifadhi ya funguo ya GNOME hufumbwa kwa nywila ya kuingilia, na mtumiaji anapobadilisha nywila yake mwenyewe kwa passwd, PAM huwa na nywila ya zamani na mpya kwa pamoja, kwa hiyo huifumba upya hifadhi hiyo hapo hapo. Lakini root anapoibadilisha kwa niaba yake, nywila ya zamani haiulizwi, na hifadhi hubaki imefumbwa kwa ile ya kale. Unaikumbuka ya zamani? Ukiiandika kwenye kidirisha hicho, itafunguka, na unaweza kuibadilisha kwa programu iitwayo Seahorse. Ikiwa humo hakuna nywila za maana zilizohifadhiwa, ni rahisi zaidi kuifuta:

rm /home/mwanafunzi/.local/share/keyrings/login.keyring

kisha mtumiaji atoke na kuingia tena, nayo itaundwa upya kwa nywila ya sasa.

---

mwalimu_wa_langoni alijibu:

Hakukuwa na kitu cha maana ndani yake. Nimeifuta, nikatoka na kuingia, na kidirisha hakikutokea tena. Kazi za mradi nimezinakili kwenye flashi mbili, moja iko chumbani na nyingine nimekuja nayo nyumbani, na kwenye mashine zote saba nimeweka njia ya mkato inayomwaga debe la taka.

Nilipokuwa nikipita kila mashine nimetazama pia unix_chkpwd, na zile sita nyingine zote zina herufi s. Kesho nitaanza upya na ile programu ya kuchapishia, na nikikwama nitauliza kwa mada mpya kabla ya kuandika chmod yoyote. Mungu awalipe kheri.